Kabla ya Kununua Kiyoyozi, Tazama Bati Lako

Kila Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma, swali moja huzunguka Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju: ninunue kiyoyozi cha ukubwa gani? Jibu langu huwa halimfurahishi muulizaji, maana humtoa nje akainue macho atazame paa. Katika nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, sehemu kubwa ya joto linalowanyima watu usingizi hushuka kutoka juu. Ukinunua mashine ya kulitoa kabla hujalizuia kuingia, utalipia umeme kila usiku kwa kazi ambayo dari lingeifanya bila Luku.

Ingia katika chumba kisicho na dari saa nane mchana. Kaa kitini, inua kiganja juu ya kichwa kikitazama bati, hesabu taratibu hadi kumi, kisha kigeuze kitazame sakafu. Tofauti utaisikia papo hapo, ingawa hewa ya chumbani ni ile ile. Kinachokuchoma ni mionzi ya joto inayotoka kwenye bati lenyewe, kama unavyosikia ukisimama mbele ya tanuri la mikate bila kuligusa. Siku ya jua kali, bati la rangi iliyoiva huweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi na kuzidi, wakati hewa ya nje haijapita 32 au 33. Ndiyo sababu feni haimsaidii sana mtu mchana chini ya bati tupu: feni husogeza hewa, lakini mionzi haisukumwi na upepo.

Jiografia nayo ina lake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Kuta za kaskazini na kusini hupigwa kidogo, za mashariki na magharibi hupigwa asubuhi na jioni, lakini paa hupigwa kutwa. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya kupambana na joto iende kwenye paa.

Kama bado hujaezeka, anza na rangi. Siku hizi bati jeusi na la kijivu cha mkaa ndiyo fahari ya mitaa mipya, kuanzia Mivumoni hadi Toangoma. Nasema wazi kwamba kwa mji huu ni chaguo baya. Nyeupe, krimu na kijivu hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua angani kabla halijawa joto ndani ya nyumba. Unapokwenda kuagiza bati, uliza kwanza kama rangi hafifu ipo kwa geji ile ile na bei ile ile. Mara nyingi ipo, ila hakuna anayeitaja kwa sababu hakuna anayeiuliza.

Kama umeshaezeka, bati linaweza kupakwa. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipatwa na wimbi kali la joto Mei 2010, ukatunga mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na mwaka 2017 ukaanza kampeni ya kupaka mapaa ya kaya maskini rangi nyeupe. Huko walitumia sana chokaa. Sisi wa bati tusiige hilo: masika huiosha chokaa mara moja, na ikilowa hula ile zinki inayolinda bati dhidi ya kutu. Tumia rangi nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa ya chuma. Fundi aoshe bati kwa sabuni, asugue kutu, apige praima palipochubuka, kisha apake mikono miwili. Kazi hii ifanyike kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa mbali. Kila mwaka bati lioshwe tena, kwa kuwa vumbi la barabara ya udongo hugeuza nyeupe kuwa kahawia, na kahawia hupokea jua. Wanaokaa karibu na bahari, kama Mbweni na Kunduchi, watapata faida ya pili: chumvi itachelewa kulila bati.

Dari linafuata, na hapa watu hupoteza fedha kwenye mapambo. Jipsamu yenye ngazi na taa za kujificha haizuii joto zaidi kuliko jipsamu ya kawaida. Bodi za mbao au dari la plastiki zitafanya kazi hiyo hiyo. La muhimu ni dari lifunike chumba chote bila mwanya, na libaki pengo la hewa kati yake na bati. Kama huna fedha za nyumba nzima, weka vyumba vya kulala kwanza, sebule itasubiri.

Juu ya hapo kuna karatasi ya fedha, ile inayong'aa inayouzwa kwa robota kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hutandikwa juu ya kenchi kabla bati halijapigwa, uso unaong'aa ukitazama chini kwenye nafasi iliyo wazi. Haizuii joto kwa unene wake. Kazi yake ni kukataa kulirushia dari ile mionzi. Ndiyo maana ikibanwa kati ya vitu viwili bila nafasi ya hewa haifai kitu. Wakati wa kuezeka huongeza gharama kidogo. Baada ya kuezeka, fundi itabidi aingie darini na kuipigilia chini ya papi, kazi ya jasho kweli kweli, lakini inawezekana.

Kisha hewa ya darini itoke. Acha matundu chini ya kingo za paa na mengine juu karibu na kilele, yote yakiwa na wavu wa chuma wa kuzuia popo na panya. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, ya baridi kiasi huvutwa kutoka chini. Mafundi wengi huziba kila kitu ili nyumba ionekane safi, na dari linabaki limefunikwa na hewa iliyochemka hadi saa tatu usiku.

Nina ugomvi na nyumba za kontemporari, zile ambazo bati limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa. Zinapendeza kwenye picha. Lakini zimekata kingo za paa, na kingo ndizo zilizokuwa mwavuli wa ukuta na dirisha. Kwetu jua la adhuhuri liko juu sana, kiasi kwamba kingo iliyotoka nje sentimita 75 hufunika sehemu nzuri ya dirisha la kaskazini au kusini. Ukishajenga kontemporari, tengeneza vivuli vya zege au vya chuma juu ya kila dirisha. Na kama ramani bado iko mezani, mwombe mchoraji akurudishie kingo.

Jua la magharibi halizuiwi na kingo, kwa sababu linakuja limelala. Tofali za saruji za inchi sita hulinywa taratibu tangu saa nane, na usiku zinalitapika ndani. Saa nne usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba chako upande wa ndani. Ukiusikia una uvuguvugu wakati nje kumeshapoa, umemjua adui wa usingizi wako. Anayejenga aweke stoo, bafu na choo upande huo, vyumba vya kulala viende mashariki. Aliyekwisha kujenga azuie jua kabla halijafika ukutani: kibaraza, mtambaazi juu ya waya, au mikeka inayotundikwa nje ya dirisha kuanzia saa saba. Nasema nje, kwa sababu pazia la ndani hulikamata jua likiwa limeshapita kioo, na joto hilo limeshakuwa la kwako.

Tuje kwenye upepo. Miezi ya joto kali, kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki, na mchana upepo wa bahari husukuma kutoka mashariki. Kuanzia Aprili hivi kusi huchukua zamu. Chumba kinahitaji mlango wa kuingilia upepo na mlango wa kutokea. Dirisha moja, hata liwe kubwa vipi, halitoshi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile tuliyoizoea Temeke na Magomeni, ililijua hilo: korido inatoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba vinapumua kwa pande mbili. Washa kijiti cha udi, usimame nacho katikati ya chumba, madirisha na mlango vikiwa wazi. Moshi ukienda moja kwa moja kwenye dirisha la pili, hewa inapita. Ukizunguka mahali pamoja, tafuta pa kutobolea.

Wengi hawafungui madirisha usiku kwa hofu ya vibaka wanaochomoa simu kwa fito, na hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni matundu ya juu ya lenta, yenye nondo na wavu, ambako fito haifiki kitandani kwa urahisi. Ukijenga upya, fikiria madirisha yanayofunguka yote badala ya yale ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo siku zote nusu yake imefungwa. Na nyavu za mbu zioshwe. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, wavu wake huziba pole pole bila mtu kugundua, na familia inalaumu hali ya hewa. Brashi laini na maji ya sabuni kila mwezi vinatosha.

Mbu na joto havitenganishwi katika nyumba zetu. Mtu anayekosa hewa hukikunja chandarua, na malaria huingia hapo. Mkoani Mtwara watafiti wamejenga vijijini nyumba 110 za ghorofa zinazoitwa Star Homes, zenye kuta za wavu unaopitisha hewa na vyumba vya kulala juu, ili kuona kama nyumba yenyewe inaweza kulinda afya. Huku mjini hatutajenga hivyo wote, lakini wazo ni lile lile: upepo upite, mbu abaki nje. Kwa kuwa chandarua hupunguza upepo, feni ya mezani iliyowekwa kwenye kimo cha kitanda, ikipuliza ubavuni, humfikia mlalaji vizuri zaidi kuliko pangaboi la juu.

Sasa fedha. Bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ziliwapa watumiaji wadogo wa nyumbani uniti 75 za kwanza kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na ziada kwa 350. Kundi la kawaida lilipangiwa 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti ya mtumiaji mdogo inakuwa 122 na ya kawaida karibu 356. Mpaka huo wa uniti 75 ndio wa kuulinda. Angalia risiti yako ya Luku, gawanya fedha kwa uniti, utajua uko kundi gani.

Pangaboi la kawaida hula wati 70 hivi. Likizunguka saa kumi kila usiku, kwa mwezi ni uniti 21: kama shilingi 2,600 kwa mtumiaji mdogo, 7,500 kwa wa kawaida. Friji ndogo nzima hula kama uniti 30 kwa mwezi. Ongeza 15 za taa, televisheni na simu, jumla ni 66, bado una nafasi ya pasi. Familia inaweza kulala kwa raha na kubaki chini ya 75. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kikivuta karibu wati 800 kwa saa nane bila kupumzika, kama kinavyolazimika chini ya paa linalochemka, kwa mwezi ni uniti 192, yaani zaidi ya shilingi 68,000. Chumba hicho hicho kikiwa na dari zuri na madirisha yasiyovuja, kompresa ikapumzika nusu ya muda, utakuwa na 34,000. Tofauti hiyo ya kila mwezi ndiyo bei ya dari.

Hapa nina neno kwa wapangaji, kwa kuwa wao ndio wanaoumia zaidi. Vyumba sita vinavyochangia Luku moja, kila kimoja kikila uniti 25, vinafanya 150. Mita haijui kuwa ni familia sita. Inaona mtumiaji mkubwa mmoja. Kwa bei ya kawaida kila chumba kinalipa karibu 8,900, ilhali kingekuwa na mita yake kwenye kundi la chini kingelipa 3,050. Mita ndogo za ndani humaliza ugomvi wa nani kala umeme, lakini hazibadilishi bei. Kaeni pamoja, mwendeeni mwenye nyumba kwa heshima na hesabu mkononi, mumwombe mkaulize pamoja ofisi ya Tanesco kuhusu kugawa mita, hata mbili au tatu kwa kuanzia. Na wakati huo, chumba kisicho na dari kinaweza kutundikiwa kitambaa cheupe kizito kilichovutwa vizuri kutoka ukuta hadi ukuta, mbali na waya na taa, na chini yake kisiwashwe mshumaa kamwe. Si dari kamili, lakini kinakata ile mionzi ya bati, na unapohama unahama nacho.

Feni inampoza mtu kwa kukausha jasho, chumba haikipozi. Kwa hiyo izime ukitoka. Ikianza kuzunguka kwa uvivu usikimbilie kununua nyingine: ifute mapanga, kisha fundi aangalie kapasita, kifaa cha bei ndogo ambacho ndicho huchoka mara nyingi. Ukinunua mpya, tafuta zile za mota ya kisasa zenye wati 30 hadi 35. Upepo ni ule ule kwa nusu ya umeme.

Zile feni za maji zinazouzwa Kariakoo kama mbadala wa kiyoyozi, usizinunue kwa Dar es Salaam. Hupoza kwa kuvukiza maji, na zinafaa mahali pakavu kama Dodoma. Hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevu. Unachoongeza ni fukuto na ukungu wa kabatini. Barafu mbele ya feni nayo ni kujidanganya, kwa sababu friji iliyoigandisha imetoa joto zaidi humo humo ndani.

Wapo wanaohitaji kiyoyozi kweli: mzee mwenye presha, mama aliyejifungua Februari, anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Weka kwenye chumba kimoja, kidogo, chenye dari. Nunua cha inveta. Kiweke nyuzi 25 au 26 pamoja na feni. Kwa masharti ya India ya viyoyozi vya nyumbani, tangu Januari 2020 viyoyozi vipya hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa 24, na Japani kwa kampeni ya Cool Biz ya mwaka 2005 walizoeza ofisi zao nyuzi 28. Kukiteremsha hadi 16 hakupozi chumba haraka. Kunaizuia tu kompresa kupumzika. Osha kichujio kila wiki mbili, na sehemu ya nje ikae kivulini penye hewa.

Friji isibanwe ukutani wala kukaa chumbani unakolala, kwani joto linalotolewa kwenye nyama na maji hutokea nyuma yake. Anayeuza barafu za ukwaju afikirie friza kibarazani penye kivuli na grili. Biashara itaendelea na familia italala. Kupika pia: jiko la mkaa ndani ya korido hupasha nyumba nzima na moshi wake unaua. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, bila kuchemsha chumba. Maji ya kuoga, shawa ya umeme ya kilowati 4.5 kwa dakika kumi hula robo tatu ya uniti. Wakati huo huo tangi jeusi lililo juu ya mnara limepigwa na jua kutwa, na maji yake ya saa kumi na mbili jioni ni ya uvuguvugu hata Julai. Oga wakati huo.

La mwisho ni miti. Inaniuma kuona kiwanja cha 20 kwa 20 kinanunuliwa, na kazi ya kwanza inakuwa kukata mwembe uliokuwepo miaka 30, kisha uwanja wote unafunikwa pevingi. Kama mti upo, chora nyumba ukiuzunguka. Kama haupo, masika yakianza Machi panda mwarobaini upande wa magharibi, mita tano au zaidi kutoka ukutani na mbali na karo, uumwagilie kiangazi cha kwanza, na ukate matawi ya chini yasizuie upepo. Muashoki uliosimama kama mlingoti hautakupa kivuli cha maana. Penye pevingi ya gari acha mistari miwili ya magurudumu, kwingine panda ukoka, hasa chini ya madirisha ya mashariki, ambako upepo wa bahari hupita kabla ya kuingia ndani.